Betri na Salfa Hazilali Chumba Kimoja

Kabla hamjaniuliza habari za paneli na betri, niangalieni kwanza mikono. Mnaziona bangili hizi? Miaka yote niliyofunga sola, kuanzia Lindi mjini mpaka huko Kiranjeranje, nilikuwa nafika kwa mtu zinalia. Nikianza kazi nazivua, nazifunga kwenye pindo la khanga. Na kila nilipozivua hakosi mama mmoja wa mtaa ule, atakuja na uso wa huzuni, akae karibu yangu na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Pole, dada. Ni mume?"

Maana huku kwetu mwanamke mzima akionekana mikono mitupu, watu wanajua yuko eda. Mimi nawajibu, "Sijafiwa, mama. Niko kazini. Na kama ningekuwa eda, ningekuwa nakwea paa la mtu?" Wengine walicheka. Wengine walinipa pole hivyo hivyo, wakamwombea marehemu. Mume wangu yuko nyumbani Mtanda anakula ugali wake salama salimini, kumbe vijiji vingi vimeshamsomea Fatiha.

Sasa nyinyi vijana mnaoanza kazi hii leo, mnaojifunza kwenye simu, nataka mjue bangili zinavuliwa kwa nini. Aliyenifundisha ni fundi Chilumba, fundi redio wa pale Mtanda, mtu mfupi mwenye kelele nyingi. Sola zilipoanza kuingia mjini yeye ndiye wa kwanza kuzifungua aone ndani kuna nini. Kidole chake cha pete hakikuwa na pete, kilikuwa na kovu la mviringo. Alikuwa anakaza nati ya betri kwa spana, spana ikagusa chanya, pete yake ikagusa hasi, na pete ikawa nyekundu ikiwa kidoleni. Betri ya volti kumi na mbili hiyo, ile mnayoniambia "bibi, hii haipigi". Ni kweli haikurushi kama umeme wa nguzo. Lakini ukiiunganishia chuma kwa chuma, inamwaga moto wake wote mara moja, na nyama yako iko katikati.

"Somoe," akaniambia siku yangu ya kwanza, "vua hayo makorokoro au rudi ukapike."

Lo, nilichukia! Bangili zile nilivishwa siku ya harusi, na mama mkwe wangu alikuwa na macho ya kuhesabu kila kitu. Nikazivua. Jioni mama mkwe akaniuliza kama nimemchoka mwanawe. Nikamweleza habari ya kidole cha Chilumba, na kuanzia hapo ndiye aliyekuwa ananikumbusha asubuhi: "Leo kuna betri? Basi usisahau kuzivua."

Jambo la pili mlijue, na hili ni letu watu wa pwani hii. Huku kwetu sehemu kubwa ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini, na kibla chetu nacho kiko kaskazini. Bahati iliyoje! Mimi dira sikuwahi kununua. Nikifika kwa mtu nauliza, "Jamani, humu ndani mnaswali mkielekea wapi?" Wakinionyesha, na paneli naielekeza huko huko, naiinamisha kidogo tu, kiasi cha mvua kuiosha. Kuna kijana wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Kilwa Masoko, alifungiwa mtambo na fundi mgeni aliyekuja na karatasi za nchi za baridi. Karatasi imesema kusini, na yeye kaielekeza kusini, paneli nzuri kabisa imekaa inaitazama Mtwara. Ikifika magharibi, duka giza.

"Mama," kijana akanilalamikia, "paneli yangu mvivu sana."

"Si mvivu, mwanangu. Imekipa kibla mgongo."

Nikaigeuza. Tangu siku ile kila akiniona ananiita imamu wa paneli, nami naitika. Ila nyinyi mtakaokwenda kufunga sola nchi za mbali, msiyabebe maneno yangu kama yalivyo. Ukivuka ikweta ukaenda juu, mambo yanageuka.

Haya, sasa nifike Kilangala, kwa Zuhura. Hii ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote, na nitaisimulia nikiwa nimekaa vizuri.

Zuhura alikuwa ameachwa na mumewe, akarudi kwa kaka yake Bakari, mkulima wa korosho. Nyumba ya Bakari kubwa, mashamba yake makubwa, na mdomo wake mkubwa vilevile. Zuhura hakutaka kukaa pale kama mzigo. Alikuwa amesuka mikeka mpaka vidole vimekakamaa, akanunua paneli, betri, na friji la kufungulia juu, lile linalotumia umeme wa betri moja kwa moja. Alitaka kuuza barafu na maji ya ukwaju. Kilangala kile kipindi cha joto, nyumba yao iko njiani kuelekea shule, nani asingenunua?

Bakari akamwekea sharti mbele ya watu, mimi nikiwapo nimeketi kwenye mkeka. "Nakupa mpaka korosho zianze kudondoka. Zikidondoka friji lako halitoi barafu, tunaliuza, na wewe unakwenda kukaa banda la shamba kuniokotea korosho. Sitaki vyombo vya majaribio nyumbani kwangu."

Zuhura akaniangalia. Nilimwelewa. Banda lile liko mbali na watu, na mwanamke aliyekwenda kukaa kule kwa kaka yake hatoki tena mpaka azeeke.

"Betri tunaweka wapi?" nikauliza.

"Chumba cha ndani," Bakari akajibu. "Ndicho chenye kufuli. Betri zinaibwa."

Akafungua mlango. Yarabi! Kilichonipokea ni harufu. Magunia ya salfa yamepangwa mpaka karibu na dari, na kando yake mashine ya kupulizia na dumu la petroli. Kwa nyinyi msiolima, salfa ni ule unga wa njano tunaoipulizia mikorosho asubuhi umande ukiwa bado upo, kuzuia ugonjwa wa ubwiriubwiri usiue maua. Kila mkulima huku anaiweka chumba cha ndani kwa sababu ni mali. Na kila mwenye betri anaiweka chumba cha ndani kwa sababu hiyo hiyo. Hivyo ndivyo vitu viwili visivyotakiwa kuonana vinavyolala pamoja.

"Humu simfungii mtu betri," nikasema.

"Bi mkubwa, hii nyumba ni yangu."

"Na kazi ni yangu. Betri ya maji ikichaji inatoa hewa inayoshika moto. Waya ukilegea unatoa cheche. Vumbi la salfa linashika moto, na kabla halijashika linakula shaba ya waya zako polepole. Unataka nikufungie nini humu, mtambo au jeneza?"

Akacheka. "Salfa nimeishi nayo tangu mtoto. Haijawahi kuniunguza."

Sikujibizana naye. Nilichota salfa kwa ncha ya kijiko, nikaimwaga juu ya kigae katikati ya uwanja, upepo ukinitokea mgongoni, nikaiwasha kwa kibiriti. Ndimi ndogo za buluu zikatambaa, huwezi hata kuziona vizuri juani. Lakini moshi wake! Kuku wakatimka, Bakari aliyekuwa upande wa chini wa upepo akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na Zuhura akajifunika ushungi mdomoni, sijui alikuwa anajikinga na moshi au anacheka.

"Kijiko kimoja hicho," nikamwambia. "Hesabu mwenyewe magunia."

Hakukubali. Alisema tu, "Fanyeni mnavyotaka, betri ikiibwa msinililie." Akaenda zake, na alipokuwa anaondoka aliendelea kunisema kwa Kimwera akidhani sielewi. Mimi Mmwera wa kuzaliwa! Nilielewa kila kitu, na hapa sikirudii.

Tukajenga kibanda cha betri nje, kwenye ukuta wa sebule, chini ya upenu, mbali na jiko. Tofali chini kuinua betri isiguse maji, matundu chini na juu hewa ipite, matundu yote yamezibwa kwa wavu mgumu, mlango wa chuma na kufuli. Waya zikapita kwenye tundu la ukutani kuingia sebuleni kwenye kontrola, kile kisanduku kinachoisimamia betri isijae kupita kiasi wala isikauke. Tundu nikaliziba kwa saruji. Na shubiri moja tu kutoka kwenye kichwa chanya cha betri, nikaweka fyuzi. Si mwisho wa waya. Si karibu na friji. Pale pale betrini, ili kipande chote cha waya kinachofuata kiwe na mlinzi.

Zuhura nilimtaka aunganishe mwenyewe. Kwanza akavua bangili zake, mbili za fedha, akazifunga kwenye pindo. Jirani akachungulia uani akamwambia, "Pole, Zuhura." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Kisha nikamwonyesha: anza na betri kwenye kontrola, ndipo uunganishe paneli, friji mwisho. Siku ya kufungua unarudi kinyume, friji, paneli, betri mwisho. Ukiipa kontrola jua kabla haijaijua betri yake, unaweza kuiua siku hiyo hiyo. Fyuzi za akiba nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikauning'iniza ndani ya mlango wa kibanda.

Kibanda kile kwa wavu wake kilifanana na banda la kuku, na Kilangala nzima ikapata mzaha. "Zuhura, kuku wako wa chuma wametaga?" Na Zuhura anawajibu, "Wanaatamia barafu." Nilimpenda binti yule.

Msimu wa salfa ukaingia. Akanipigia simu, sauti imekauka. "Mama, barafu haigandi. Maji yanapoa tu. Kaka anasema nimetapeliwa."

"Panda ngazi asubuhi, kioo kikiwa baridi. Pitisha kidole juu ya paneli, uniambie umeona nini."

Nikasubiri. Nikasikia ngazi inalia, kisha kicheko.

"Njano, mama! Njano tupu!"

Mashamba yote yanapulizwa, vumbi linasafiri, mvua hakuna ya kuliosha. Paneli ilikuwa imepakwa unga kama andazi. Nikamwambia aoshe kwa maji safi na kitambaa laini, asubuhi kila siku mpaka salfa iishe, asithubutu kumwagia maji ya baridi mchana kioo kikiwa kinachemka, wala asiguse dodoki la sufuria. Kesho yake barafu ikaganda. Watoto wa shule wakaanza kupanga foleni, na mzaha wa kuku ukapungua.

Basi nikajua tumeshinda. Kumbe bado.

Korosho za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka siku Zuhura aliponipigia tena. Safari hii alikuwa analia. Friji limezima kabisa, na kontrola haina hata taa. Bakari ameshamwita mnunuzi.

Nilipanda bodaboda nikamwambia dereva asinibembeleze na mashimo, apite tu. Nilipofika, mnunuzi yuko barazani ana kamba mkononi, ameshafungua mlango wa sebule. Bakari amesimama amefunga mikono. Zuhura amekaa juu ya kifuniko cha friji, sitanii, mwanamke mzima amelikalia friji lake miguu inaning'inia, na ndugu zake wanamwambia ateremke.

"Shikamoo, mama," akaniambia pale pale juu.

"Marahaba. Usiteremke."

"Bi mkubwa," Bakari akaanza, "maneno yalikuwa ni mpaka korosho zidondoke. Zimedondoka."

"Nimeziona. Nipe nafasi ya kufungua mlango tu."

Nikavua bangili, nikafunga pindo. Nikafungua kibanda. Betri nzima, maji yake yako kwenye kiwango, Zuhura alikuwa akiitunza kama mwali. Nikaangalia fyuzi. Imekatika, nyeusi. Nikaufuata waya mpaka ukutani, na hapo nikakuta mavi ya panya, na waya mbili zimeguguniwa mpaka shaba inaonekana, zimegusana, zimeungua ncha. Na saruji yangu haipo! Tundu limechokolewa, limepanuka, na katikati yake unapita uzi mwembamba wa umeme nisioufahamu.

"Huu waya wa nani?"

Zuhura akageuza shingo taratibu akamtazama kaka yake.

"Ni wa redio," Bakari akasema. "Nilivuta kidogo tu. Kusikiliza mpira."

Mnunuzi akaona tunachelewa. "Si fyuzi tu hiyo? Chukua karatasi ile inayong'aa ya sigara uiviringe, au kipande cha waya uweke. Hata msumari. Liwake nilione, nilibebe."

Weee! Nyie, nilimgeukia mtu yule, hata mimi sikujua nina sauti ile. "Ukiweka msumari pale, panya akirudi hakuna kitakachokatika! Waya wenyewe ndio utakaokuwa mkaa, kutoka hapa mpaka ndani! Fyuzi imekufa ili nyumba isife, halafu wewe unataka umweke msumari kwenye kiti chake? Toka mbele ya mlango wangu!"

Akarudi nyuma na kamba yake. Nami nikaichomoa ile fyuzi iliyoungua, nikaiweka kwenye kiganja cha Bakari. Aliigeuza. Akainama akatazama waya zilizoungua ncha. Akatazama tundu alilolichokoa yeye mwenyewe. Kisha nikamwona anageuza kichwa polepole kuelekea mlango wa chumba cha ndani, chumba cha magunia.

"Kama betri ingekuwa mle," akasema, "bila hiki kidude."

"Watoto wako wanalala chumba gani?" nikamuuliza.

"Cha pili yake."

Mimi, kwa ukali wangu wote, nilimhurumia. Nilimshika bega nikamwambia, "Hakuna kilichotokea, mwanangu. Ndiyo kazi yangu hiyo, kuhakikisha hakuna kinachotokea. Sasa kalete maji tukoroge saruji."

Akaleta. Nikakata vipande vilivyoguguniwa, nikapitisha waya mpya ndani ya bomba gumu, Zuhura akaziba tundu kwa mikono yake. Redio ya Bakari nikampa njia yake halali kutoka kwenye kontrola, maana na mpira nao ni haki ya mtu. Zuhura ndiye aliyetoa fyuzi mpya kwenye mfuko ulioning'inia mlangoni, akaiweka. Friji likaguna kidogo, likaanza kuunguruma. Jamani, kuna watu wanapenda taarabu, mimi napenda mlio ule.

Bakari akamwambia mnunuzi, "Nenda, ndugu yangu. Hakuna friji la kuuzwa hapa." Kisha akavua shati, akaingia chumba cha ndani, akatoka na gunia la salfa kichwani. Akalibeba mpaka banda la shamba. Akarudi, akachukua jingine. Hakuomba msaada. Yale magunia ndiyo yaliyokwenda kukaa shambani.

Nililala pale. Asubuhi nimekaa barazani, mikono bado mitupu kwa sababu sivai bangili mpaka kazi ijionyeshe. Mlango ukafunguliwa, akatoka Bakari, bakuli ameshika kwa mikono miwili, na ndani yake kipande cha barafu kinatoa mvuke.

"Shikamoo, fundi," akasema. "Karibu barafu."

Hakuwahi kuniita fundi. Nikaitika marahaba, nikaking'ata kipande kile chote, na haya meno yangu mabovu yakaniuma mpaka utosini, wala sikukitema. Nikafungua pindo, nikavaa bangili zangu moja moja, nikazitikisa mpaka kuku wakageuka.

Sasa nimestaafu, magoti hayataki tena ngazi, na bangili hazivuki tena kiganja. Juzi mwanamke mmoja wa Kilangala amekuja Mtanda kwa shughuli zake, akapita kunisalimia. Akanieleza kwamba Zuhura siku hizi ana mafriji zaidi ya moja, na watu wa vijiji vya jirani wanamwita awafungie mitambo. Alimkuta nyumbani kwa mtu, yuko juu ya paa, mikono mitupu, akasikitika, akamwita kutoka chini ampe pole.

"Akasemaje?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

"Alicheka sana. Akasema, 'Sijafiwa, mama. Niko kazini.'"